Pikipiki Iliyonyamazishwa

Bonifasia hakuwahi kununua saa ya ukutani. Ya nini, na mumewe alikuwa na pikipiki ile? Jioni Othmar akifika kona ya kanisani, ng'ambo ya bonde, ka-ka-ka-ka yake ilivuka migomba na kahawa ikaingia jikoni kabla yake, na Bonifasia akainjika maji ya ugali. Mlio ukikatika kwenye mteremko wa kilabuni alijua mzee kakaa, akaipua sufuria na kuendelea na mambo yake. Ugali wa nyumba ile haukuungua wala kupoa.

Kwa hiyo mwezi wa tatu, Othmar aliposema anataka kuitengeneza isipige kelele tena, mkewe aliacha kuchambua maharage.

"Isipige kelele kwa nini?"

"Tapeti za injini zimeisha, Mama Beata. Inagonga."

"Leo ndiyo umeisikia?"

Othmar akacheka kile kicheko chake cha ofisini, akatoka nje. Bonifasia akabaki na ungo mapajani. Mwanamume aliyekaa na kelele miaka yote hiyo, akaisifia kilabuni kwamba hata simba wa Chiwanda wanaijua, haamki siku moja akaichoka. Akiichoka, kuna anayemsumbua nayo. Au kuna anakotaka kufika bila kusikiwa.

Pikipiki yenyewe ilikuwa dude la Kijerumani, la safari ndefu, silinda mbili zimechomoza kulia na kushoto kama mwanamke aliyeshika kiuno, na masanduku ya bati ubavuni. Padre mmoja alipokuwa anarudi kwao alimwachia Othmar kwa bei ya urafiki. Wakati huo Othmar alikuwa karani wa mizani wa chama cha msingi cha kahawa, na karani wa mizani alikuwa mtu. Alijua kila shamba lina miche mingapi, nani kahawa yake safi, nani anachanganya na mawe. Bonifasia, binti wa darasa la saba asiyechaguliwa kwenda sekondari, aliolewa na karani na wenzake wakasema kapata.

Halafu soko likafunguliwa. Wakaja wanunuzi binafsi na malori yao na mizani yao, chama kikalegea, makarani wakaambiwa wapumzike nyumbani mpaka waitwe. Hawakuitwa. Othmar alipumzika msimu mmoja, akanenepa, kisha akaanza safari. Ukimuuliza anafanya nini, "Natafuta." Ukimuuliza anatafuta wapi, "Huko chini." Huko chini ni ziwani, Lundo, na kila akirudi alikuja na usipa, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga, mwingi, uliofungwa vizuri kwenye kitambaa safi.

Ni kile kitambaa kilichomkaa Bonifasia rohoni. Mwanamume hafungi usipa namna ile.

Na wanawake walikuwa wamebadilika. Akifika kisimani mazungumzo yanakatika, mmoja anaanza habari ya mvua. Kwenye sala za jumuiya, yeye ambaye siku zote ndiye anayeuliza maswali ambayo wengine wanayaogopa, akawa anajibiwa kwa adabu. Bonifasia aliwajua watu wa mlima wake. Wakikuonea huruma wanakuletea mboga. Wakikujibu kwa adabu kuna jambo lako wanalijua.

Alipanda lori la mahindi akateremka Lundo kwa kisingizio cha kununua dagaa, akaulizia ni nani anayemuuzia samaki yule mtu wa pikipiki ya kelele. Wakamwonyesha nyumba ya Asteria. Alikuwa bibi wa kikohozi, meno machache, mjukuu mgongoni, aliyemwita Othmar "mwanangu" na kumkaangia Bonifasia samaki mzima, mbasa, ambaye Bonifasia hakuweza kummeza kwa hasira. Vitambaa alivishona mwenyewe. Bonifasia alirudi mlimani amekasirika kuliko alivyokwenda. Alikuwa amebeba wivu wote ule na hakupata pa kuutua.

Sanduku lilipokuja kutoka Dar kwa basi, alisimama karibu likifunguliwa. Tapeti mpya, vichuma vifupi vinavyong'aa kama vikombe vya dawa. Chini yake, kwenye karatasi yenye mafuta, chuma kirefu chenye nundu.

"Na hicho?"

"Kemshafti. Hiyo ndiyo inayosukuma tapeti, tapeti zinasukuma valvu. Ya zamani haina nguvu."

"Umepata wapi?"

"Ignatio kanisaidia."

"Ignatio yupi?"

"Yule mnunuzi wa kahawa. Rafiki yangu."

"Wewe rafiki zako ninawajua, Baba Beata. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukupa kibiriti."

Othmar akafunika sanduku. Kisha akaomba kitu ambacho hakuwahi kukiomba. Yeye angeifikisha pikipiki kwa fundi, lakini alikuwa na shughuli Kigonsera. Mkewe aende Mbinga akakae kwa fundi mpaka kazi iishe. Mafundi wa mjini si anawajua? Ukigeuka kupenga kamasi, spea mpya imeingia kabatini na ya zamani imerudi kwenye injini ikiwa imepakwa oili. Watu wote wenye vyombo hukaa gereji kulinda, na asiyeweza huweka mtu wake.

"Wewe hata inzi hakupiti," alimwambia.

Hilo lilikuwa kweli, na Bonifasia alikubali haraka kuliko Othmar alivyotegemea.

Fundi Sixbert alifanyia kazi chini ya bati nyuma ya stendi. Mwembamba, mdomo hautulii, suruali inasimama yenyewe kwa grisi. Alimwekea Bonifasia kreti la soda.

"Karibu, mama. Umekuja kunilinda?"

"Nimekuja kupumzika. Endelea."

Sixbert alifungua vifuniko, akatoa hedi, akavuta silinda moja kisha nyingine, kila kitu akikipanga juu ya gunia. Bonifasia aliangalia mikono, siyo uso. Tapeti za zamani zilipotoka alizidai zote, akazifunga kwenye pindo la kitenge.

"Tazama uso wake," Sixbert alisema, akimgeuzia moja kabla hajaifunga. Ule upande uliopaswa kuwa laini ulikuwa umechimbika kama uso wa mtu aliyeugua ndui. "Ndiyo maana tunabana valvu leo, kesho inagonga tena. Si valvu. Ni hii imeliwa."

"Basi weka hizo mpya na huo mchuma mrefu uache ulivyo."

"Haiwezekani, mama. Hizi zimelana pamoja. Ukiweka tapeti mpya juu ya kemshafti iliyoliwa, hufiki Kitai, na zenyewe zimeshaharibika."

"Kila fundi anasema hivyo."

"Basi tafuta wa kwako asemaye vingine umpelekee."

Bonifasia akavuta kreti karibu. Kemshafti ya zamani ilipotoka aliitaka mkononi. Akaomba na mpya. Akaziweka sambamba magotini kama mtu anayepima kitambaa.

"Hizi si sawa. Nundu za hii ziko juu zaidi."

"Ndivyo."

"Ndivyo nini? Umebadilisha?"

Sixbert akajifuta mikono taratibu, amechukia kidogo. "Mama, hicho chuma umekuja nacho mwenyewe kwenye sanduku lako. Mzee ndiye aliyekitaka hivyo. Ile ya zamani ilimtosha Padre na begi lake la misa. Hii inafungua valvu zaidi, injini inavuta. Ni ya kupandisha na kushusha mzigo."

"Mzigo gani?"

Fundi akatazama barabarani, akatabasamu. "Mimi si ofisa ushirika, mama. Usiniogope."

Bonifasia alijizuia. Angeuliza kwa ukali, mlango ungefungwa. Akatoa tabasamu ambalo hulitumia kwa wanunuzi wa kuku.

"Hebu niambie alivyokueleza. Mzee wangu akieleza jambo huwa anasahau nusu, halafu fundi anakosea."

"Hajasahau. Anasema akipita huko juu na ile kelele, mlima mzima unajua kasimama kwa nani. Akisimama kwa mtu jioni, asubuhi ofisa yuko mlangoni anamuuliza mwenye shamba kama kahawa bado ni yake. Sasa itakuwa inapita kama cherehani. Mkivuna, anashusha magunia Lundo kwenye lori la Ignatio. Kule nani atauliza? Wale ni watu wa samaki."

Magoma. Hakulitamka, lakini neno lilimjaa mdomoni. Miezi ya njaa, ghala zikiwa tupu na kahawa bado kijani, huja mtu na debe la mahindi, anakuachia ule, na miti yako inakuwa yake mpaka mavuno. Serikali ilikataza, mapadre walihubiri, na watu waliuza vilevile, kwa sababu watoto hawali mahubiri. Mnunuzi wa magoma hatajwi jina hadharani. Anasemwa kisimani.

"Na watu wanajua ni yeye?"

"Wanajua ni nyinyi," Sixbert alisema, akiingiza mkono kwenye kopo la oili. "Si biashara ya nyumba? Wanasema mzee anazunguka, mama ndiye kichwa. Hapa stendi wanakusifu."

Kumbe zile adabu zote zilikuwa woga. Aliyasikia upya mazungumzo yaliyokatika kisimani, moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa na jina lake.

Sixbert alipaka tapeti mpya oili, akaziingiza kwenye matundu yake. Alipotafuta ya mwisho hakuiona kwenye gunia.

"Iko wapi?"

"Ninayo."

"Mama, nipe nifunge. Mvua inakuja."

"Alisimama kwa nani?"

"Mimi fundi tu."

"Nami napumzika tu. Tutakaa."

Fundi aliangalia wingu, akaangalia injini iliyo wazi kama kuku aliyepasuliwa. "Ninayemjua ni mmoja. Yule mama mjane wa juu ya kanisa, Marselina. Alipita hapa wakati wa Kwaresima kumshukuru mzee kwa mahindi, mbele ya watu. Mzee akakosa pa kuangalia."

Marselina alikuwa mama yake mkubwa Bonifasia, dada wa tumbo moja na mama yake, aliyemfundisha kupanda maharage kwenye ngolo, yale matuta ya mlimani yenye mashimo katikati, na kunyamaza mbele ya wanaume, ingawa somo la pili halikushika. Bonifasia alifungua kiganja, akamkabidhi fundi tapeti yake.

Othmar alifika mvua ikikatika. Sixbert alikanyaga, dude likawaka, na wapiga debe wa stendi wakasogea kusikiliza kitu ambacho hakikuwepo. Lilinguruma chini chini, laini. Othmar aliweka sikio kwenye silinda, akafurahi kama mtoto wa Komunyo ya Kwanza.

"Fundi, umeweza."

"Mshukuru mama. Kanilinda mpaka nikamwogopa."

Bonifasia alikuwa ameshapanda nyuma, kitenge kimefungwa vizuri.

"Kwani wewe hupandi basi?"

"Chombo si kimewekewa nguvu ya mzigo? Twende kwa mama mkubwa Marselina. Sijamsalimia siku nyingi."

Othmar aligeuka kumtazama. Alimtazama sana, kisha akaangalia mbele. Njia nzima hakusema neno, na kwa mara ya kwanza tangu anunue pikipiki ile, hakukuwa na kelele ya kumsaidia kunyamaza.

Marselina alikuwa barazani anapukuchua mahindi. Hakuwasikia mpaka gurudumu lilipokanyaga ua wake.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni." Macho ya bibi yalitoka kwa Bonifasia yakaenda kwa Othmar, yakarudi. "Mmekuja kuangalia miti?"

"Miti gani?"

"Ile ya kule bondeni. Nimeipalilia, usiwe na wasiwasi. Mtavuna."

Bonifasia alikaa chini kwenye mkeka, akachukua gunzi, akaanza kupukuchua naye. "Mama mkubwa, nani alikwambia miti ile ni yangu?"

"Si mwenyewe?" Bibi alimnyooshea Othmar kidole kilichopinda. "Alikuja na mahindi, akasema, Bonifasia kanituma, hataki mama yake mkubwa alale njaa. Kahawa akasema ni ya kunituliza moyo tu, nisije nikaona aibu kupokea bure. Nikakushukuru kanisani kwa sala. Baadaye nikasema, lakini mwanangu huyu mbona haji mwenyewe?"

Othmar alikuwa bado amesimama na kofia mkononi. Bonifasia hakumwangalia. Alimaliza gunzi lile, akaliweka kando.

"Umesema kweli, mama mkubwa. Nilimtuma."

Othmar akainua kichwa.

"Mimi ndiye niliyesema usilale njaa. Hayo mahindi yalikuwa ya kula, na umeyala, na yamekwisha. Habari ya kahawa mimi sikumtuma. Huyo aliongeza njiani, mdomo wake mrefu. Kahawa yako utaichuma, utaipeleka chama kwa jina lako, na mimi nitakuja kukusaidia kuchuma. Si ndivyo nilivyokutuma, Baba Beata?"

Kulikuwa na majibu mawili tu, na jingine lingemlazimu aseme mbele ya bibi kwamba alidanganya kwa jina la mkewe.

"Ndivyo," Othmar alisema.

"Nimefurahi," Marselina alisema, lakini bado alikuwa anamchunguza Bonifasia usoni. "Na wewe kweli hukujua?"

"Sikujua, mama mkubwa."

"Haya." Hakusema amemwamini. Alimsogezea magunzi zaidi, wakapukuchua mpaka ungo ukajaa.

Walipotoka, Othmar alisimama kando ya pikipiki bila kuipanda. "Ignatio ameshatoa spea zile. Nitamwambia nini?"

"Aje nyumbani, nitamwambia mimi. Ulisimama nyumba ngapi?"

"Kadhaa."

"Na huko nako nilikutuma mimi?"

Othmar alifuta matope kwenye tangi kwa kiganja, pahali palepale, mara mbili.

"Huko nako," alisema.

Bonifasia akapanda nyuma, akakunja kitenge magotini.

"Basi washa. Na wao sijawasalimia siku nyingi."