Euphrasia na Kokoro la Mkwewe

Huyu Euphrasia wa Suguti hapindagi neno lake. Kijiji kilipotaka kufunga ghuba ili sato wazaliane, yeye ndiye alisimama mkutanoni akasema, "Atakayetupa kokoro humu, awe nani, tunalichukua." Kokoro ni ule wavu wa kukokota, unazoa mpaka vifaranga. Sato walishabaki saizi ya kiganja, na yeye watoto wake wote kawalea kwa sato.

Basi asubuhi moja yuko doria na shoga yake Sabina, wakakuta mwanaume anavuta kokoro kwenye matete. Sabina akashika mdomo.

"Euphrasia wee, si Werema huyo!"

Werema, mume wa binti yake. Na kwao mkwe hatazamwi usoni, wala hasemeshwi. Euphrasia akageuka upesi, akajifunika kanga, akalipa ziwa mgongo.

"Turudi tu," Sabina akanong'ona. "Tuseme hatujaona."

Euphrasia akapiga hesabu. Akimwachia, kesho ghuba imejaa makokoro. Akimkamata, huenda binti akarudishwa na virago vyake.

"Mwambie alete hilo kokoro."

"Baba, mama anasema lete kokoro!" Sabina akamwita Werema.

"Mwambie mama, watoto wanataka kula," Werema akajibu.

"Wajukuu zangu hao," Euphrasia akasema. "Muulize, vifaranga vikiisha, wakikua watakula nini? Mchanga?"

Werema alikuwa karibu, kila neno anasikia, lakini alingoja Sabina arudie lote. Mara kitu kizito kikaburuzwa mchangani, kikatuliwa nyuma ya visigino vya Euphrasia.

"Mwambie mama nimesikia. Na asigeuke, sina shati."

Sabina alicheka mpaka akakaa chini.

Kokoro likapelekwa kwa mwenyekiti. Habari ikatembea kwamba hata mkwe hakuachwa, na waliokuwa wameficha ya kwao wakayaleta wenyewe. Binti hakurudishwa. Siku hizi wanaovua nje ya ghuba kwa nyavu halali wanaleta sato ambao mkia unatoka nje ya sufuria.

Asante ya mdomo Euphrasia hawezi kumpa Werema, mila hairuhusu. Ila Jumapili alichinja jogoo, akapika mwenyewe, akamkabidhi binti yake bakuli.

"Mpelekee baba watoto. Mwambie nashukuru sana. Angeweza kunitukana pale ziwani, nani angemzuia? Kanitunzia heshima, na ghuba kaitunza."

Binti akafunua kidogo, akamtazama mama yake. Firigisi ilikuwa juu kabisa. Tangu baba yao afariki, firigisi ya nyumba ile ilikuwa inaliwaga na Euphrasia mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kuomba.