Avenyu nzima niliiandika kuwa ina kazi

Nilidanganya kwa kalamu, na nilijua ninachofanya. Wenye kutaka kunilaani walaani, nimeshalaaniwa na mtu ninayempenda kuliko ninyi.

Nina diplome ya chuo kikuu na sina kazi. Kwenye avenyu yetu, mtaa mmoja wa komini ya Kisangani, hapa Kongo, hakuna aliyejua. Kila asubuhi nilichomekea shati, nikabeba faili, nikaenda kukaa hadi jioni kwa rafiki yangu mwenye mashine ya fotokopi. Majirani waliniita "monsieur bureau", bwana ofisi, na jina lile lilinikaa vizuri mno.

Mwaka jana nikapata kibarua cha siku kumi kwenye anketi: kupita nyumba kwa nyumba kuandika nani ana kazi na nani hana. Kwingine kote niliandika ukweli. Ilipofika zamu ya avenyu yetu, miguu ikakataa. Nigonge kwa mama muuza pondu, majani yale ya muhogo, nimuulize kama wiki iliyopita alifanya kazi, naye aniulize, "Na wewe?" Ningejibu nini?

Nikajifungia chumbani, nikajaza fomu zote mwenyewe. Huyu nikampa udereva, yule ualimu. Yaya, kaka yangu mkubwa, ni seremala asiyepata mteja tangu watu waanze kununua vitanda vya chuma. Nikamwandika fundi mwenye wateja tele. Hata nikacheka kidogo, mjinga mimi!

Miezi michache baadaye ukaja mradi wa kuzibua mifereji, kazi ya nusu mwaka, ukianzia avenyu ambazo fomu zetu zilionyesha wengi wasio na kazi. Yetu haikuwamo. Yaya aliisoma orodha ukutani mara tatu. Kisha akafunga mizigo, awapeleke mke na watoto Opala kwa wakwe zake, wakalime, maana watoto walikuwa wameshafukuzwa shule kwa kukosa ada.

Hapo ndipo nilipomwambia. Akaweka mzigo chini.

"Leki, mudogo yangu, kumbe minatumikaka kazi? Basi unionyeshe ile kazi yangu iko wapi, kesho asubui niende."

Alipanda boti na watoto wake. Simu zangu hapokei hadi leo, na inaniuma kila siku.

Nilienda kwa mkubwa wa anketi nikakiri. Akafunga mlango.

"Bon, liste ya kazi ya mifereji imeisha kufungwa. Unyamaze tu. Anketi ingine inakuya, tutakuita tena."

Yaani uongo wangu ulimfaa. Kwenye makaratasi yake, mji unaendelea vizuri. Nikamwambia abaki na kibarua chake.

Kosa ni langu, simtwishi mtu. Lakini aibu ya kukosa kazi siibebi tena. Si mimi niliyefunga viwanda vya mji huu. Nimenunua daftari, nimepita mlango kwa mlango nikiwaambia majirani nilichofanya na kuandika upya nani hana kazi. Mama muuza pondu alinimwagia maji ya vyombo, halafu akaniita nirudi niwaandike wanawe wanne, watu wazima, wote wamekaa bila kazi. Daftari nimelipeleka ofisi ya komini mara tatu, wamelikataa mara tatu. Jumatatu nalipeleka tena.

Wewe unayejificha kama nilivyojificha, ukiulizwa, sema huna kazi. Sema kwa sauti, jirani asikie. Ukijipamba, yeye ndiye atakayefungiwa mlango.

Na ninyi wenye fomu, rudini. Mtanikuta nimekaa nje, na nitawajibu kabla hamjauliza: sina kazi, na kaka yangu pia hana.