Mshiko wa Reli

Mimi ni mchuuzi wa viazi. Nanunua Kuresoi, nauza Nakuru, na kwa miaka mingi nimesimama kando ya mizani nikibishana na watu wazima kuhusu uzito wa gunia. Kwa hiyo kapteni wa wanawake pale klabuni aliponiambia kwamba kuna fundi anakuja kutoka Nairobi kuwapima watu ili watengenezewe fimbo za gofu zinazowafaa, nilichotaka kujua kwanza ni nani atakayempima yeye.

Kapteni alicheka lakini hakuniachilia. "Wewe umeimprove sana," akasema. "Kitu inakurudisha nyuma sasa ni hizo fimbo. Hizo ni za museum."

"Hizo ni za babangu," nikamjibu.

"Najua, mum. Kila mtu hapa anajua."

Ni kweli walijua, kwa maana nilikuwa nimewaimbia wimbo huo hadi wakachoka. Nilianza kucheza kwa dhati baada ya watoto wangu kutoka nyumbani, na nilipofika klabuni mara ya kwanza na ule mfuko wa turubai uliopauka, kedi, wale wabeba mifuko ya wachezaji, walitazamana. Nikawapa historia yake papo hapo, kabla hawajauliza. Niliwapa tena wiki iliyofuata.

Baba alikuwa fundi katika karakana ya reli. Tuliishi kwenye nyumba za wafanyakazi, zile zilizojengwa kwa mistari, na wazazi wetu karibu wote walikuwa wametoka magharibi mwa nchi kufuata kazi. Jumapili kwaya ya kanisa ilisikika hadi kwenye mabomba ya maji, na mchana kila jiko lilinuka mboga zilezile. Injinia mmoja mzungu alipofunga virago kurudi kwao, alimwachia baba mfuko wake wa fimbo za gofu. Baba hakuijua gofu ila kwa kuitazama kutoka upande wa pili wa ua wa uwanja wa wazungu. Hakungoja kufundishwa.

Uwanja wa baba na wenzake ulikuwa ule ukanda wa nyasi kati ya nyumba na njia ya treni, mahali ng'ombe wa watu walipolisha. Walifukia mikebe ya mafuta ya kupikia ikawa ndiyo mashimo. Siku ya Jumapili wanaume walitoka kanisani na suti zao, wakavua makoti, wakayatundika kwenye ua wa michongoma, na kuanza kucheza. Fimbo zilikuwa seti moja kwa wote. Mtu akipiga, anampa mwenzake, na mpira ukipotea, sisi watoto tunaingia majanini kuutafuta. Mama alisema hajawahi kuona watu wanalima vile bila kupanda chochote. Mpaka leo nikisikia harufu ya nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe, namwona baba akiwa na shati jeupe na tai iliyotupwa begani, na moyo wangu unalegea.

Baba aliwafundisha wote kwa namna moja: mikono ishuke. Kishikio cha fimbo kilikuwa cha ngozi, na ile sehemu ya juu inayoelekea tumboni hatukuigusa. Tulishika chini kabisa, karibu na mahali ngozi inapoishia na chuma kuanza. "Huko juu kuna wenyewe," baba alikuwa akisema, wanaume wakacheka, nao wakashusha mikono. Sisi watoto tukashika vivyo hivyo. Sikumbuki mtu yeyote akiuliza sababu.

Ikawa ndiyo alama yetu. Miaka mingi baadaye, siku ile ya kwanza klabuni, mzee mmoja aliyekuwa barazani na chai yake aliniona nikijipanga kupiga mpira akapaza sauti: "Huyo ni mtoto wa reli! Angalieni mkono!" Nilivimba kichwa mwezi mzima. Wengine walikuwa wamejifunza gofu kwa walimu wa kulipwa. Mimi nilikuwa nimeirithi.

Baba alifariki nikiwa bado shule ya msingi. Picha yake tunayo moja tu, ameketi kwenye kiti cha studio na mikono magotini. Nilichobaki nacho ni ule mfuko na ule mshiko. Kila niliposhusha mikono nilimhisi amesimama nyuma yangu kama zamani, kidevu chake juu ya kichwa changu, mikono yake mirefu imezunguka yangu, akininong'oneza nisiwe na haraka. Sina njia nyingine ya kumpata. Ndiyo maana maneno ya kapteni yalinikera. Gharama haikunitisha. Niliogopa kwamba nikiziweka chini zile fimbo, nitakuwa nimemweka chini na yeye, na safari hii kwa mikono yangu mwenyewe.

Lakini pia nilitaka kucheza vizuri, na sitajifanya kwamba sikutaka. Hendikepi yangu, ile namba inayopungua kadiri mtu anavyocheza vizuri, ilikuwa imeshuka msimu baada ya msimu, halafu ikagoma. Mipira yangu yote ilipinda kushoto, ikienda kulala kwenye miti kana kwamba imeitwa. Kila mwanamke niliyeanza naye alikuwa amenipita. Mtu anayekaribia uzee anapogundua kwamba bado anaweza kuwa bora katika jambo fulani, jamani, ni utamu ambao hataki kuuacha.

Basi nikaenda.

Fundi alikuwa mwanamume wa makamo mwenye miwani, amepanga vichwa vya fimbo na vyuma vyake kwenye meza ya kukunja pale uwanja wa mazoezi. Asubuhi ilikuwa ya vumbi, mlima wa Menengai umekaa nyuma yetu kimya, na upepo ulileta ile harufu ya magadi kutoka ziwani. Nilimsalimia kama ninavyomsalimia dalali nisiyemwamini.

"Simama straight, madam," akaniambia. "Achilia mikono ining'inie."

Akapima kutoka kifundo cha mkono wangu hadi chini, akanyanyua fimbo namba saba ya baba, akaitazama, akaguna. Sipendi mtu akiguna mbele ya mali yangu.

"Unaguna nini?"

"Hizi ni ndefu kwako. Ndefu sana."

"Lazima ziwe ndefu. Zilikuwa za babangu, na babangu alikuwa mtu mrefu."

Hakubishana. Alibandika utepe mweusi chini ya kichwa cha fimbo, akaweka ubao wa plastiki kwenye nyasi, akaniambia nipige vile napiga siku zote. Nikashusha mikono, nikapiga. Mpira ukaenda kushoto. Akageuza fimbo, akanionyesha utepe: ulikuwa umechubuka upande wa kisigino tu, na ncha ya mbele haikuwa imegusa ubao hata kidogo.

"Ona. Ukishika huko chini, mikono inakaa low, mbele ya fimbo inainuka. Mpira itaenda kushoto tu. Si makosa yako."

Kisha akachukua kichwa kingine, akakifunga kwenye chuma kifupi, akanipa. "Sasa shika juu. Juu kabisa, mwisho."

Sikuweza. Naapa nilijaribu, lakini mikono yangu ilishuka yenyewe kama maji. Alinipandisha, nikashuka, akanipandisha tena, nikashuka. Mwishowe alifunga kitambaa chake kwenye ile sehemu ya chini ya kishikio ili vidole visipate pa kukaa, na nikabaki nimeshika juu, nimekasirika, najiona mgeni ndani ya mwili wangu.

Nikapiga.

Nimecheza gofu miaka mingi, na nilikuwa sijawahi kuusikia mlio ule kutoka kwenye fimbo yangu. Mpira ulipanda, ukanyooka, ukaenda mahali nilipokuwa nikitazama. Nikapiga wa pili, ukaufuata wa kwanza. Kapteni, aliyekuwa amejifanya anapita tu, akapiga makofi. Mimi nilitamani kukaa chini nilie. Nilijihisi kama mtu aliyekula kwa jirani na kuona chakula ni kitamu kuliko cha kwao.

"Sitaki," nikamwambia fundi, nikimrudishia fimbo yake.

Alinitazama kwa mshangao, kisha akaichukua tena ile namba saba ya baba. Akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba kwenye ngozi. "Hii grip haijawahi badilishwa?"

"Haijawahi. Baba alikuwa anaipaka mafuta, na mimi naipaka."

"Basi angalia." Akanionyesha ile sehemu ya chini. Ngozi ilikuwa imelika hadi kuwa nyembamba na nyeusi, mshono umeisha kabisa. Juu, mshono ulikuwa mzima, na alama ndogo ya kiwanda bado ilisomeka. "Hii kazi yote si yako peke yako, madam. Hii ni miaka na miaka. Babako pia alikuwa anashika hapa?"

"Yeye ndiye alitufundisha kushika hapo."

"Uko sure alikuwa mrefu?"

Damu ilinipanda. Nilimwambia kwamba alikuja kupima fimbo, si kupima marehemu. Kisha nikaondoka, nikaenda kukaa kwenye benchi chini ya mti wa jakaranda, na kwa kuwa nilikuwa nimekasirika na nilitaka mtu wa kunitetea, nikampigia simu mama yangu. Mama anaishi Njoro na dada yangu. Simu huishika mbali na sikio na kuongea kana kwamba anaita mtu ng'ambo ya bonde.

"Umekula?" akauliza, kabla ya salamu.

"Bado, Mama. Niambie kitu. Baba alikuwa mrefu kiasi gani?"

"Mrefu? Nani, babako?" Halafu akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kukohoa, mpaka nikamsikia dada yangu akiuliza kumetokea nini. "Ati babako alikuwa mrefu! Wewe, mimi nilikuwa nimempita babako na kichwa nzima. Siku ya harusi alinikataza viatu ya kisigino. Niliingia kanisa na raba!"

"Lakini mimi namkumbuka alikuwa mrefu."

"Wewe ulikuwa mfupi."

Nilimtazama yule mtu wa kumbukumbu zangu, kidevu juu ya kichwa changu, na nikaona kwa mara ya kwanza jinsi nilivyokuwa mdogo chini yake. Wale wanaume wote wa Jumapili, wanaume wa karakana, walikuwa wameshusha mikono kwa sababu fimbo za injinia zilikuwa zimewazidi kimo, na sisi tukaugeuza upungufu huo kuwa ufundi. Nilikuwa nimeujivunia hadharani, barazani, mbele ya watu na chai zao.

"Sasa kwa nini hakuzikata?" nikamuuliza. "Alikuwa fundi. Misumeno yote ilikuwa hapo karakana."

Mama hakucheka tena. "Wenzake walimwambia hivyo. Hata mimi nilimwambia, nilikuwa nachoka kumuona anahangaika na hizo vitu. Akakataa. Akasema, hizi sikati, watoto watarefuka. Akasema nikizikata saa hii zikanitoshea, watoto wakikua watazikuta fupi."

Upepo ulikuwa ukivuma kwenye simu na nilidhani sikusikia sawasawa, lakini nilikuwa nimesikia. Jumapili zote zile alikuwa amecheza na fimbo zisizomfaa, akipinda mgongo na kushusha mikono, akiutania upungufu wake mbele ya wenzake, ili aniwekee mimi urefu ambao sikuufikia. Sisi sote, mimi na ndugu zangu, hakuna hata mmoja aliyeufikia. Machozi yalitoka na sikuyafuta. Kapteni alikuwa anatazama, na akatazama kando.

"Sasa nyinyi wote mkafanana yeye," mama akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo. "Wewe ndiyo zaidi. Mkono yenyewe, mguu yenyewe. Gumbuti zake si ulizivaa mpaka zikaisha?"

"Nilizivaa."

"Unalia?"

"Nalia, Mama."

"Usilie kwa watu." Nikasikia kuku wa dada yangu nyuma yake. "Kwani uko wapi?"

Nikamweleza: fundi, kipimo, chuma kifupi, ile mipira miwili iliyonyooka, na kwamba nilikuwa nimekataa. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Na hizo fimbo za huyo mtu," akauliza, "hizo zenye amekupima. Zingemtosha babako?"

Nilitazama meza ya kukunja, na fundi aliyekuwa akifungua kitambaa chake taratibu kutoka kwenye kishikio.

"Zingemtosha kabisa," nikasema.

"Basi chukua."