Karai Libaki

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, wanawake wa kikundi changu walipojaa mlangoni pangu kule Mashimoni. Hawakuja kunijulia hali. Walikuja kubeba vitu.

Nilikuwa bado kijana, nakaanga samaki kando ya njia, na mtaji nilikuwa nimeukopa kupitia kikundi. Unaijua mikopo hii: dhamana yako si shamba, ni wenzako. Ukishindwa wanakulipia, halafu wanakuja kuchukua chochote kinachouzika. Mtoto wangu alikuwa amelazwa, pesa za samaki zikaishia hospitalini, nami kwa aibu nikaacha kwenda mikutanoni. Hata simu nilizima.

Wakabeba redio, wakabeba godoro. Niliwapisha, maana walikuwa na haki yao, na watoto wa kulisha pia. Lakini mmoja alipoinua karai langu la kukaangia, nikalishika upande wa pili.

"Weka hiyo chini," akasema Mama Njoki, mwenyekiti wetu, mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha huko Kawangware. Mkali kweli, na kucheka kwake kulikuwa kwa nadra.

"Na pesa yetu je, Mama Njoki?"

"Mkienda na karai, atawalipa na nini? Bebeni kitanda. Karai inabaki."

Akanigeukia. Nikadhani atanibembeleza. Wapi!

"Na wewe, ungekuja kutuambia mtoto ni mgonjwa, tungekukula? Kesho nataka kukuona barabarani na samaki."

Samaki wa kuanzia nilipewa kwa mkopo, Mama Njoki mwenyewe akinidhamini kwa muuzaji. Mimi na yule mtoto aliyekuwa mgonjwa tulilala sakafuni muda mrefu, lakini nililipa lote. Hadi leo nikimtaja mama yule machozi hunilenga.

Sasa nasikia kesho kikundi chenu mnakwenda Gatina kwa yule msusi aliyekwama na mkopo, na mmeshaitolea macho draya yake ya kukaushia nywele. Ndiyo maana nimekuita. Nenda, alipe kilicho haki yenu. Ila mwulize kwanza kimempata nini, kwa sababu anayezima simu si lazima awe mjeuri. Huenda ana mgonjwa. Chukueni meza, chukueni viti vya sebuleni, lakini kile anachofanyia kazi msikiguse. Nawe ukikwama siku yako, usijifiche. Nenda mkutanoni mikono mitupu, useme.

Mungu akubarikie kazi zako, mwanangu, na mlango utakaoubisha kesho, akujalie uweze kuubisha tena siku nyingine ukaribishwe chai.