Supu Aliyoitia Chumvi Mama

Nilipokuwa na miaka tisa, mkono wangu wa kulia ulikuwa mtukufu kuliko wa mama yangu. Msinicheke. Sio mimi niliyeutukuza, ni ukoo mzima wa baba yangu pale Likasi, watu wazima wenye ndevu na vyeti vya ubatizo. Waliamini kwamba mwanamke aliye kwenye siku zake akitia chumvi kwenye chungu, wote watakaokula watashikwa na kikohozi cha kifua, na wa kwanza ni mumewe. Kwa hiyo siku hizo zikifika, lazima amwite mtoto wa kike ambaye bado hajavunja ungo, amtilie. Kwetu mtoto huyo nilikuwa mimi.

Basi Mama alisimama mlangoni na kuita, "Mado, kuya utie chumvi!" na mtaa mzima ukajua habari za mwili wake. Ati hiyo ndiyo heshima. Loo! Heshima gani hiyo inayotangazwa kwa sauti kushinda kengele ya parokia?

Mwaka ninaousimulia, baridi ya mwezi wa sita ilitukuta hatuna kitu. Kiwanda alichofanyia kazi Papa, baba yangu, kilikuwa kinakata roho, mshahara umekuwa hadithi, na nyaya za umeme wa bwawa la Mwadingusha zilipita juu ya paa letu zikaenda zake. Sisi tulipika kwa makala, yaani makaa, kwenye mbabula, jiko letu la bati lenye matundu. Papa aliendelea kwenda kazini kwa miguu, akikohoa. Alikuwa anakohoa tangu sijaanza shule, maana miaka yote hiyo alivuta vumbi la madini bila hata kitambaa cha kufunga puani. Wengine walijitia kusahau hilo. Mimi sikusahau.

Dawa ya Mama ilikuwa supu. Alipeleka nyanya za bustani yake machinjioni, akarudi na kwato na mifupa ya ng'ombe. Kwato alizibabua, akazikwangua kwa kisu mpaka zikawa nyeupe, akazibandika kabla hatujaamka. Chungu kilitokota taratibu mpaka supu ikawa nzito, ya kunata midomoni. Ndipo alipotia tangawizi iliyopondwa na kitunguu, na mwishoni kabisa konzi ya lengalenga, mchicha wa kwetu. Papa akinywa bakuli moja, kifua kilimlegea, akapata usingizi.

Sasa Tantine. Ndivyo tulivyomwita dada mkubwa wa Papa, aliyekuja kutusalimia kwa wiki mbili akakaa miezi minne. Hakuwahi kuosha sahani. Alikalia kiti pekee chenye mto, akifyonza uboho wa mifupa kwa sauti, na kumsema vibaya Mama kwa mdomo uliojaa chakula cha Mama. Nilimdharau utotoni, ninamdharau hadi leo, na kufa kwake hakujabadilisha kitu.

Asubuhi moja Mama aliniita nitie chumvi. Nilikuwa uani kwa jirani, naruka kamba. "Nakuya, mama!" nikajibu, na sikwenda. Akaita tena, na tena. Papa alikuwa ameshavaa viatu. Mama akachota chumvi kwa mkono wake mwenyewe, akatia, akampa mumewe bakuli. Tantine alikuwa anachungulia nyuma ya pazia.

Wiki ile Papa alizidiwa, akatema damu. Jumapili baada ya misa, Tantine akaleta wazee wawili wa ukoo, wamevaa makoti, akamshtaki Mama kwamba anamuua mdogo wake. Wakaamua hapo hapo: Mama arudi kwao Bukama mpaka wazazi wake walete mbuzi wa kusafisha nyumba. Papa alikuwa amelala ndani, hana nguvu za kubisha.

Nikajitokeza. "Ni minye nilitia chumvi," nikasema. "Mama hakugusa."

Nilidhani nimemaliza kesi. Tantine hakutikisika hata kidogo.

"Kama ni huyu alitia, na papa yake iko anatema damu," akasema polepole, "basi mukono ya huyu mutoto si ya bure. Nani amemupa bulozi?"

Hebu tazama akili hizo! Akitia mama, mama ni muuaji. Akitia mtoto, mtoto ni mchawi. Vumbi la kiwandani halikuitwa kwenye kikao. Siku zile watoto walifukuzwa majumbani kwa neno hilo moja, wakalala sokoni, na Mama alilijua kuliko mimi. Akainuka.

"Mutoto anadanganya. Ni minye nilitia. Munifukuze minye."

Kesho yake akaondoka na furushi lake.

Tantine akapiga marufuku supu. Ugonjwa umeingilia kwenye supu, alisema, basi mgonjwa asiione tena. Papa akawa anapewa bukari, ugali wetu, na maji ya moto. Mifupa ikipatikana, Tantine alijipikia mwenyewe, kwa kuwa yeye hakuwa na kikohozi! Harufu ya tangawizi ikamfikia Papa chumbani. "Mado," akaniambia, "niletee hata kidogo." Nikaenda na bakuli. Tantine akanizaba kofi, bakuli likavunjika. Sikuthubutu tena. Papa alifariki mwezi wa nane, baridi ikianza kupungua.

Habari zilimfikia Mama zimechelewa. Alifika kwa lori, siku tatu baada ya maziko. Alinishika mabega akauliza jambo moja tu.

"Supu alikunywaka?"

Tantine alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilimtazama Mama, midomo imempasuka kwa vumbi la njia, nikashindwa.

"Kila siku, mama," nikasema. "Tantine alimupikia."

Mama akaniachia. Akaenda akapiga magoti mbele ya Tantine, akapiga makofi ya heshima kama wafanyavyo kwao. "Aksanti, dada. Aksanti sana." Na mwanamke yule, macho makavu, akapokea.

"Ni mudogo yangu," akasema. "Ningefanya nini?"

Leo natia chumvi siku nipendayo, na mume wangu ana kifua kizima. Wakinieleza habari za mikono safi na mikono michafu, nawacheka usoni. Lakini Mama anaishi kwangu, na kila jioni humtaja Tantine kwenye sala zake, kwa ajili ya supu ile. Mara nyingi nimefungua mdomo nimwambie ukweli. Nikimwambia, atajua kwamba mumewe alikufa akiililia supu. Kwa hiyo yule mwanamke anaombewa nyumbani mwangu, nami naitikia amina.