Mawe Mfukoni Siku ya Kupimwa Tumbo

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, hapa hapa Kolwezi, nilipopanda mizani ya madaktari wa jeshi nikiwa na mawe ya shaba katika mifuko ya suruali. Cheka, mwanangu, usijizuie. Mke wangu amecheka miaka yote hii, nami nimezoea.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, nimerudi kutoka vitani. Wenzangu walirudi na majeraha ya risasi, mimi nikarudi na tumbo. Kule msituni tulikunywa maji ya madimbwi miezi mingi, nikaugua kuhara damu mpaka wakanipasua na kunikata kipande cha utumbo. Kidonda cha nje kilifunga vizuri, lakini ndani mambo yalikataa kutulia. Nikila maharagwe nilikuwa mtu wa kukimbia, na nikila pilipili nilikuwa mtu wa kulia. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na mimi kovu nilikuwa nalo, refu, kutoka kitovuni kwenda chini.

Basi ikaja tume ya madaktari, ikakaa siku tatu katika ukumbi wa shule. Kazi yake ilikuwa kumpima kila askari aliyeachishwa jeshi kwa ugonjwa au jeraha na kumwandikia ulemavu wake ni asilimia ngapi. Ukiandikiwa ya kutosha, ulipewa kadi ya mlemavu wa vita, ukatibiwa bure hospitalini maisha yako yote. Ukiandikiwa kidogo, ulirudi nyumbani na barua ya shukrani. Mimi bei ya dawa ilikuwa imeshanishinda, kwa hiyo kadi ile ilikuwa ndiyo uhai wangu.

Lakini nilikuwa na jambo jingine moyoni, na jina lake Mwadi. Yeye na mimi tulikuwa tumeshakubaliana. Posa ilikuwa imefika kwa wazee wake, nao walisema watajibu. Siku mbili kabla ya kupimwa, nikasikia kwamba karani wa tume, yule atakayeandika kila neno, ni Tata Kabange, yaani Mzee Kabange, mjomba wa Mwadi, mwenye neno la mwisho juu ya ndoa yake.

Wewe wa siku hizi huenda usione shida. Kwetu, mkwe hali hata chakula mbele ya wakwe zake. Akikutana nao njiani, anainama kando wapite. Sasa mtu huyo huyo asimame aeleze anakwenda choo mara ngapi, na mjomba wa mchumba wake ameshika kalamu? Tena nilijiambia kwamba wakijua tumbo langu ni bovu, Mwadi watampa mwingine. Nilimpenda mno kukubali hilo.

Nikachemsha majani ya mpera, nikanywa sufuria nzima ili tumbo linyamaze. Kisha nikafikiria mizani, maana nilikuwa nimekonda mpaka mkanda ulinizunguka karibu mara mbili. Kaka yangu alikuwa mchimbaji wa madini kwa mkono, na nyuma ya nyumba alikuwa na magunia ya mawe ya kijani yenye shaba, mazito kuliko yanavyoonekana. Na suruali ya kijeshi, kama unavyojua, ina mifuko mikubwa mapajani. Kijana akishikwa na aibu huwa na akili nyingi sana za kujidhuru.

Mkubwa wa tume alikuwa mama mmoja daktari, mwenye miwani na sauti ya upole. Akanipandisha mizani, mshale ukaruka. Tata Kabange akaandika bila kuinua macho.

"Tumbo iko namna gani?" mama daktari akaniuliza.

"Iko muzuri, mama. Muzima kabisa."

"Unaendaka ku choo mara ngapi?"

"Kama bantu bote, mama."

Akanibonyeza tumbo. Maumivu yalinifika mpaka kwenye meno, nami nikatabasamu. Akasoma karatasi za hospitali, akatazama tena mizani, akakunja uso kidogo, kisha akamwambia karani kwamba huyu ameongezeka kilo saba, amepona, aandikiwe asilimia kumi. Nikapewa barua ya shukrani. Nikapiga saluti, nikatoka kifua mbele, mawe yakigongana kila hatua.

Nje, katika foleni, alikuwa Sajini Mwepu, mkubwa wangu wa zamani wa kikosi. Alikuwa amesimama kwa magongo, maana mguu wake wa kushoto ulibaki vitani. Bomu lililoukata lilimharibu pia sikio moja, lakini lililobaki lilisikia vizuri.

"Ngoy," akaniita, "juu ya nini suruali yako iko nashuka?"

Kabla sijajibu, mkono wake ulikuwa umeshaingia mfukoni mwangu na kutoka na jiwe. Alilitazama, akanitazama, akaisoma barua yangu. Sijawahi kumwona mtu akikasirika kwa sauti ndogo namna ile.

"We mutoto, sikia. Mi, muguu yangu haiko. Kila mutu anaona, hata nikinyamaza. Tumbo yako iko ndani, haina kinywa. Weye ndiyo kinywa yake. Ukisema iko muzima, nani atabisha?"

"Tata, karani ni mujomba ya Mwadi. Niko naogopa bukwe."

"Sawa. Ukikufa, Mwadi ataolewa na hii barua?"

Nikakaa chini kwenye vumbi, na sare yangu iliyopigwa pasi, nikalia. Sioni haya kukuambia. Nililia kwa sababu nilikuwa nimechoka, mwanangu, nimechoka kuumwa huku nikitabasamu. Sajini aliniacha nimalize. Kisha akanikumbusha kwamba kwetu neno zito kwa wakwe halipelekwi na mwenyewe, hupelekwa na mtu wa kati.

"Utaniambia mi, mi nitaambia mama daktari. Mukwe wako hautamuambia hata neno moja."

Tukaingia. Nikatoa mawe mfukoni, moja moja, nikayapanga mezani mpaka yakawa manane. Mama daktari akavua miwani.

"Hapa ni tume," akasema, "ama ni depo ya kuuzia mawe?"

Akanirudisha kwenye mizani. Mshale safari hii haukuruka. Akaanza maswali upya, nami nikasimama nimegeukia ubao wa ukutani, mgongo kwa Tata Kabange, nikimnong'oneza Sajini katika sikio lake zima. Nilisahau jambo moja: mtu mwenye sikio moja huwa hanong'oni.

"Anasema mara nane ku siku, mama!" Sajini akanguruma. "Damu iko, lakini haina kila siku! Na busiku anaamuka mara tatu!"

Madirisha yote yalikuwa wazi. Foleni nzima ikageuza vichwa. Nilitamani sakafu inimeze. Kisha sauti ikatoka huko nje, nyuma kabisa: "Hata mi, ndugu! Mi mara kumi!" Watu wakacheka, na mwingine naye akasema lake. Wanaume watatu waliokuwa wameshapewa barua zao za shukrani wakarudi mlangoni, kofia mkononi, wakaomba wapimwe tena. Kumbe tulikuwa wengi, kila mmoja amejificha peke yake.

Mama daktari akaninyanyulia shati, akalitazama kovu kwa muda, akauliza hili na lile, Sajini akatangaza majibu. Nikaandikiwa asilimia arobaini, nikapewa kadi. Tata Kabange aliandika yote bila kuinua macho. Nikatoka na kadi mkononi, nikijua Mwadi nimemkosa.

Saa sita karani akatoka kupumzika, akaniita kando. Nikainama, nikapiga makofi ya heshima, nikingoja neno lake.

"Dada yangu, mama ya Mwadi, aliniambia kitambo," akasema. "Kila mara banakutumia bukari, sahani inarudia imejaa. Tulijua uko mugonjwa. Tulikuwa tunangojea useme. Asubui niliandika 'muzima' na mukono yangu, na roho yangu ikasema, huyu hatutamupa mutoto. Siku Mwadi atagonjwa, huyu ataficha na ugonjwa yake." Kisha akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile. "Sasa uambie baba yako atume bantu, tumalize maneno ya ndoa."

Niliendelea tu kupiga makofi, mpaka mwenyewe akacheka na kuniambia basi, inatosha. Tulioana mwaka ule ule. Mwadi hunisongea bukari, ugali wetu, laini, na maharagwe hayaingii nyumbani isipokuwa nikiwa safarini.

Nakuambia haya, mwanangu, kwa sababu nawaona mkirudi kutoka jeshini, na wengine kutoka mashimo ya madini huko Tenke na kwingineko, mmeshika matumbo huku mkisema "niko bien," yaani mko wazima. Ukiitwa mbele ya daktari, na zaidi mbele ya wale wanaopima ulemavu, nenda jinsi ulivyo. Asubuhi ile usinywe kitu cha kulinyamazisha tumbo. Usiwaonyeshe siku yako nzuri, waeleze ile mbaya, ile unayolala chini karibu na mlango wa choo. Taja choo kwa jina lake na damu kwa jina lake, wala usiongeze usichonacho. Na kama chumbani yuko mtu unayemwonea haya, huna haja ya kuvunja heshima: tafuta mtu wa kati akusemee, ila umwambie yote. Mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua. Wanaokupenda kweli mara nyingi wameshajua. Wanachongoja ni kuona kama utawaamini.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe tumbo lililotulia na usingizi usiokatizwa. Na siku mwili wako utakapokushinda, akupe mtu wa kukushika mkono mpaka kwa daktari, na akupe kinywa cha kusema ukweli mbele yake.