Bahari Haipewi Nyumba Nzima

Kila Idi, sahani za pilau zikishaondolewa, kaka zangu huanza kusafiri. Hukaa palepale juu ya mazulia ya nyumba yetu ya mtaa wa Malindi, migongo ukutani, vikombe vya kahawa mkononi, na ngalawa ya marehemu baba inaingia majini upya. Mkubwa ni karani wa chuo huko Tunguu, wa pili ana duka la vigae Mwanakwerekwe, na hakuna kati yao aliyeshika kamba ya tanga tangu baba afariki. Lakini kwa maneno hawana mshindani.

Hadithi zenyewe ni za kweli, tena tamu. Baba hakuwa mvuvi. Alifanya kazi ya makaratasi bandarini, na ngalawa ilikuwa starehe yake. Jumamosi alitupakia sisi watatu pale Funguni akatupeleka kwenye fungu la mchanga linalochomoza maji yakipwa. Kaka mkubwa alikaa pembeni kuizuia ngalawa isilale, wa pili alishika kamba, mimi niliwekwa mbele nitazame miamba. Tulikula mikate ya kumimina na changu wa kukaanga huku tumelowa mpaka nywele. Siku moja tulishindana na wavuvi wa Tumbatu tukawapita, na baba akasimama, akavua kofia akawapungia, nusura aanguke majini. Nikiikumbuka ile kofia hucheka peke yangu.

Anayerukwa katika hadithi hizo ni mama. Tanga alilishona yeye, kwa cherehani cha kukanyaga, na lilipochanika alilitia kiraka cha gunia la unga. Chakula alikipika yeye tangu alfajiri. Kisha alibaki. Baba alikuwa na sheria yake: "Bahari haipewi nyumba nzima." Likitokea la kutokea, lazima awepo mtu nchi kavu wa kutusomea hitima na kufunga mlango. Ni sheria ya busara, sikatai. Ninachouliza ni kwa nini zamu haikuzunguka. Aliyebaki alikuwa mtu mmoja tu, Jumamosi zote, miaka yote. Akisimama ufukweni na mataulo, akituhesabu tunaposhuka mpaka atimize wanne, ndipo arudi nyumbani kuinjika maji ya chai.

Idi iliyopita mke mpya wa kaka wa pili, msichana wa Makunduchi ambaye bado hajajua yasiyoulizwa kwetu, alimgeukia mama. "Na wewe, Mama, ulikuwa ukikaa upande gani?"

"Miye? Sijaipanda hata siku moja, mwanangu."

Kaka zangu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

"Lakini ntapenda kuipanda," mama akasema. "Kabla haijaondoka."

Huko kuondoka kulikuwa kumeshapangwa. Hoteli moja ya pwani ya kaskazini iliitaka ngalawa iikate katikati, nusu isimamishwe kwenye chumba cha kulia, ipangwe matunda ya wageni asubuhi. Karatasi ilishatiwa saini. Kaka mkubwa akamwahidi mama Jumamosi inayofuata, wallahi.

Kabla ya Jumamosi hiyo wakafanya upuuzi. Watu wa hoteli walikuwa wamelalamikia harufu. Ngalawa hunuka sifa, yale mafuta ya papa tunayoipaka ili mbao zisipasuke wala zisinywe maji. Ukiipenda ngalawa, unaipenda na harufu yake. Watoto wa baba yangu, waliojua kupaka sifa kabla ya kujua kupanda baiskeli, wakaikwangua yote kwa msasa, wakaisugua kwa sabuni ya unga, wakaianika juani siku tatu, kisha wakaipiga vanishi. Iling'aa kama kabati la bi harusi. Hakuna aliyefikiri kwamba Jumamosi kuna mtu wa kuipanda.

Mama alikuja Funguni kavaa kanga mpya chini ya buibui. Magoti yake mabovu, kwa hiyo tulimbeba tukamkalisha katikati. Kaka zangu wakaisukuma. Maji hayajawafika hata kiunoni, nyufa zikaanza kuvuja kila upande, na mama akawa amekaa ndani ya maji. Wakaivuta kuirudisha mchangani. Kaka mkubwa, huku anahema, akasema, "Basi, Mama. Si ushapanda?"

Nilimtukana. Nilimtukana kaka yangu mkubwa mbele ya wavuvi, kwa maneno ambayo sikujua kama ninayo. Nilimwambia kwamba mama alinyimwa bahari sisi tulipokuwa wadogo, na leo wamemnyima tena kwa ajili ya mananasi ya watalii. Nilimwambia asithubutu tena kumtaja baba siku ya Idi mbele yangu. Yeye akainama kukamua suruali yake, na hilo likazidi kunipandisha hasira.

Mama akainua mkono ninyamaze. Hakushuka. Kanga ilikuwa imemganda miguuni, na sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote. Akasema ngalawa ni mirathi, na katika mirathi mjane ana thumuni yake, fungu moja katika manane, na hapana mtu aliyemwuliza habari ya thumuni hiyo.

"Haiuzwi," akasema.

"Itaoza hapa, Mama," kaka wa pili akajibu, taratibu.

"Na ioze."

Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa bado natweta kwa hasira, nimesimama upande wake kama wakili.

"Ile karatasi ya hoteli, weye hukuitia saini?"

Wavuvi walikuwa wameacha kazi zao, wanatusikiliza.

"Naam, Mama," nikasema. "Niliitia."